Mwenye Himaya ya Nguchiro

Hapo zamani, na msianze kujinyoosha mkidhani nawaletea sungura na fisi, maana zamani yangu mimi ina umeme, ina tivii ya chogo, na ina kibanda cha gemu pale Manundu, Korogwe, nyuma ya mashine ya kusaga. Ni zamani ya juzi juzi. Lakini tuliokuwepo tulizeeka kwa kungoja, kwa hiyo niacheni niiite zamani.

Kibanda kilikuwa cha Mhando. Watu wote walimwita Mjomba, ingawa hakuwa na mpwa hata mmoja pale. Alikuwa na mabenchi matatu, mashine moja, na pedi mbili za kuchezea, moja nzima na nyingine mbovu. Na katika mashine hiyo palikuwa na gemu iliyowatia wazimu watu wenye akili zao. Gemu ya nguchiro.

Ndiyo, nguchiro. Hao hao wanaoiba mayai ya mama zenu. Ila wa kwenye gemu walivaa kofia, walisalimiana asubuhi kabla ya vita, na walimiliki vichuguu. Wewe unasogeza mmoja, adui anasogeza mmoja. Adui ni nyoka fira, au tai, au mvua. Ukishinda unapata kichuguu. Ukishindwa nguchiro wako hafi. Anakaa chini, anavua kofia, analia. Vita gani hiyo, mtaniuliza. Nami nitawaambia kwamba nimemwona baba wa watoto wanne anatoka pale kibandani macho mekundu kwa sababu nguchiro wake amevua kofia.

Sehemu ya Kwanza ilikuja ikapendwa. Sehemu ya Pili ikaja ikapendwa zaidi. Kisha watengenezaji, watu wa mbali wa nchi za baridi, wakatangaza Sehemu ya Tatu. Mwaka wa kwanza walitoa picha ya kofia. Kofia tu, bila nguchiro ndani, na mabenchi matatu yakapiga makofi. Mwaka wa pili wakasema mwakani. Mwaka wa tatu wakasema mwakani. Mwaka wa nne wakaleta barua ndefu ya kuomba radhi, kwamba wanachelewa kwa sababu wanatupenda sana. Mwaka wa tano wakatoa wimbo. Mwaka wa sita wakatoa kikombe cha chai chenye picha ya ile kofia. Mwaka wa saba, mwakani. Mwaka wa nane hawakusema neno, na kimya hicho ndicho kilichosifiwa kuliko yote. Watu walisema, "Sasa ndiyo wanafanya kazi."

Kawia ufike, walisema wazee wetu. Wazee wetu hawakuwahi kungoja gemu.

Sasa mjue Kidawa Singano, maana habari hii inamhusu yeye kwanza. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, aliyelelewa na bibi yake, Bi Mwanjaa, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Sehemu ya Pili ilipofika kibandani, Kidawa ndiye aliyeifungua. Mashine ikauliza, himaya hii inaitwaje? Kidawa akaandika Mwanjaa. Malkia wa nguchiro naye akachukua jina hilo hilo, kwa sababu ndivyo gemu ilivyotaka.

Bi Mwanjaa alipoambiwa kwamba sasa yeye ni malkia wa nguchiro, alishika kifua. "Astaghfirullah! Wezi wa kuku?" Lakini kuanzia siku ile, kila Kidawa akirudi nyumbani, bibi alimuuliza huku akijifanya anapepeta mchele, "Wananiheshimu huko?"

"Wanakupigia magoti, bibi."

"Na wawe wanaoga."

Basi Kidawa akaijenga himaya. Alianza na kichuguu kimoja, akapata cha pili, akapata cha tatu. Hakuwa na haraka. Wanaume wa benchi la nyuma walimcheka mwanzoni, kisha wakaacha kucheka, kisha wakaanza kumuuliza asogeze nani.

Kibanda kile kilikuwa na katiba. Haikuandikwa popote, ndiyo maana iliheshimiwa. Kifungu chake kikubwa kilihusu pedi. Ukiilaza pedi chali, maana yake umemaliza, achukue anayetaka. Ukiilaza kifudifudi, maana yake narudi. Umekwenda msalani, umekwenda kuswali, umeitwa na mama yako. Pedi iliyolazwa kifudifudi haiguswi. Mtu aliwahi kuigusa akafukuzwa mwezi mzima, na alikuwa shemeji yake Mhando.

Siku Kidawa alipokuwa anapelekwa kwa mume Handeni, wanawake wakiwa wameshika vigelegele mdomoni tayari kuviachia, bibi harusi hakuonekana. Alikuwa kibandani. Hina haijakauka vizuri, ameshika pedi kwa ncha za vidole. Akamsogeza nguchiro mmoja. Akahifadhi. Halafu akailaza pedi mezani, polepole, mbele ya watu wote, akatoka.

Aliilaza kifudifudi.

Haya sasa! Watu walitazamana. Bibi harusi anakwenda Handeni, na pedi inasema narudi. Mhando akakuna kichwa, akaenda ndani, akaleta kawa, akaifunika ile pedi mfano wa chakula cha mgeni. Akasema, "Sheria ni sheria. Gemu ya mpira ruksa, kwa pedi ile mbovu. Nguchiro marufuku."

Wakakaa hivyo wiki kumi na moja. Watu wazima. Pedi imefunikwa kawa, inzi wanaizunguka kwa matumaini.

Ndipo akatokea Hoza. Au niseme alikuwepo siku zote, benchi la mbele, kijana wa miaka kumi na tisa anayejifunza kuchomelea mageti. Hoza akatangaza Ijumaa ya kwanza: mwenye pedi arudi. Akatangaza Ijumaa ya pili. Akatangaza Ijumaa ya tatu. Kisha akamwandikia Kidawa kwenye simu: Dada, unarudi? Alama zikawa za bluu. Jibu halikuja. Akangoja siku mbili, akafunua kawa, akasema bismillahi, akaigeuza pedi chali, akaishika.

Na alipoishika hakuiachia. Hilo nalo lisemwe. Kila aliyemwomba zamu alijibiwa "kesho". Watengenezaji wanasema mwakani, Hoza anasema kesho, na sisi katikati tunakaa kwenye benchi tunaota sugu. Lakini himaya ilikua. Vichuguu vitatu vikawa kumi. Kumi vikawa arobaini. Katika mwaka wa tatu mto ukafurika, maji yakaingia Manundu usiku na asubuhi yakawa kiunoni, na Mhando akaonekana akivuka akiwa amebeba kitu kimoja tu kichwani. Mashine. Tulikuwa juu ya ukuta wa shule tukashangilia mpaka sauti zikakauka. Baada ya maji kupungua, Mhando akaifungia mashine stoo mwaka mmoja na miezi minne. Ukimuuliza, anasema, "Imeingia maji, inakaushwa." Mwaka mmoja na miezi minne! Hata papa mkavu hakaushwi hivyo. Kisha siku moja akaitoa bila maelezo, ikawaka, na Hoza akaendelea pale pale alipoishia. Vichuguu vikafika mia moja na kumi na viwili.

Ikaja ile Jumamosi ya mwaka wa tisa. Sehemu ya Tatu ilitoka. Ilitoka kweli, jamani, na watu wengine hawakuamini mpaka walipoona Hoza amepanda ngazi na kuifunga simu yake juu ya mpapai, mahali pekee penye mtandao wa maana, ikae huko siku nne ikipakua. Kwa huruma yao kubwa watengenezaji walitoa na toleo la mashine za zamani. Walitukumbuka maskini. Tukawasamehe miaka tisa yote papo hapo, na kile kikombe pia.

Siku ya nne, baada ya alasiri, mabenchi yalijaa. Hoza ameshika pedi, amevaa shati la Idi. Mhando amesimama pembeni amefunga mikono kifuani. Mara sauti mlangoni.

"Hodi."

Mhando akageuka. "Karibu... Eh! Kidawa?"

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutusalimia?"

Kidawa alikuwa amesimama na begi moja begani. Alikuwa na miaka thelathini, na uso wa mtu aliyelala vibaya kwa muda mrefu. Talaka alikuwa amepewa siku kumi kabla. Kutoka nyumba aliyoipiga deki miaka tisa alitoka na begi hilo, na hata begi lenyewe ukweli ni la mama mkwe. Njia nzima kutoka Handeni alikuwa anajiambia kwamba anakwenda kutazama tu. Anakwenda kuona kama malkia bado yupo. Basi, kisha ataendelea kwa shangazi yake. Lakini alipoiona tivii ile ya chogo, akaiona kofia nyekundu ya malkia pembeni ya kioo, akaliweka begi chini.

"Nimerudi," alisema.

Hoza akaitazama pedi mikononi mwake. Akamsogezea stuli kwa mguu, kwa heshima, lakini pedi hakuitoa.

"Karibu, dada Kidawa. Umefika wakati mzuri. Ndiyo naiwasha hii ya Tatu."

Akaiwasha. Muziki ukapiga, nguchiro wakasalimiana, watu wakaguna kwa raha. Kisha maandishi yakatokea, tena kwa Kiswahili, na Hoza akayasoma kwa sauti. "Tumeikuta himaya moja ya zamani katika mashine hii. Andika jina la mwenye himaya. Himaya na malkia wake vitaitwa kwa jina hilo. Jina la zamani litafutwa. Jina jipya halitabadilishwa tena." Chini yake kisanduku. Ndani ya kisanduku, nafasi ya herufi nane.

Mashine ile nayo, tangu itoke stoo, ilikuwa haivumilii kazi nzito. Ikaanza kunguruma. Mhando anaijua. Akasema, "Mna dakika ishirini. Ikijizima kabla hamjaandika, himaya imekwenda na maji."

Hoza akaandika H. Akaandika O.

"We Hoza," alisema Kidawa. "Unafanya nini?"

"Naandika jina la mwenye himaya, dada."

"Pedi niliiacha vipi?"

"Dada..."

"Nakuuliza mdogo wangu, mbele za watu. Niliiacha chali au kifudifudi?"

"Kifudifudi."

"Maana yake?"

"Maana yake narudi. Lakini dada, kifudifudi ni ya msalani! Ni ya kuswali! Kuna sala gani ya miaka tisa? Ungekuwa na rakaa ngapi?"

Watu wakacheka, na mimi nilicheka, sijifichi. Kidawa hakucheka.

"Ukiona vyaelea vimeundwa," alisema. "Hii himaya kabla yangu haikuwepo. Kichuguu cha kwanza nilikipata mimi, nyie mkinicheka. Jina niliandika mimi."

"Na kuzaa si kazi, kazi kulea," alisema Hoza. "Uliniachia vichuguu vitatu, dada. Vitatu! Vyote vya bondeni, vinaingia maji. Leo vipo mia moja na kumi na viwili. Natoka kuchomelea macho yanawaka, sioni hata njia, nakuja kukaa hapa namfukuza fira. Nilikuandikia. 'Dada, unarudi?' Ukasoma. Unakataa?"

"Sikatai."

"Ukasoma ukanyamaza. Neno moja tu, dada. Ungesema narudi, ningefunika kawa mpaka leo. Wallahi ningefunika."

Kidawa akaitazama sakafu. Alikuwa anaukumbuka ujumbe ule herufi kwa herufi. Aliusoma jikoni kwa mkwewe, vitunguu mkononi. Aliandika ndiyo, akafuta. Aliandika hapana, akafuta. Aliona aibu, na aibu ile bado ilikuwa naye.

"Sikuweza kuandika sirudi," alisema. "Ningeliandika lingekuwa kweli. Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, nalibeba. Lakini nisikilize, Hoza. Bibi alipofariki mume wangu aliniambia gari limeharibika. Gari lilikuwa pale nje, nalitazama dirishani. Sikumzika aliyenilea. Nimepita kwanza makaburini leo, kaburi lake halina hata kibao, kijiti kimeoza. Duniani kote jina la Mwanjaa limeandikwa mahali pamoja tu, nalo ni hapo kwenye kioo. Mimi sitaki vichuguu vyako. Cheza wewe mpaka uzeeke. Nataka jina la bibi yangu libaki."

Mtadhani Hoza alishindwa hapo. Wengi wetu kwenye benchi tulishaanza kutafuta leso. Lakini Hoza aliiweka pedi magotini na sauti yake ikawa ndogo.

"Mimi nilimzika, dada. Nililishika jeneza upande wa kulia. Na malkia yule, nilikuwa na uwezo wa kumbadili jina siku yoyote, miaka minane. Watu hapa walinishauri nimwite jina la mchumba wangu. Sikumbadili. Kila asubuhi namwambia, shikamoo Bi Mwanjaa. Waulize."

"Kweli," benchi likasema. Ilikuwa kweli, na tulikuwa tunamcheka kwa hilo pia.

"Sasa nimemtunza marehemu wa watu miaka minane. Mimi lini? Mageti yote ya mtaa huu nimechomelea mimi. Mwenye nyumba ananiambia niandike jina lake kwa nondo, naandika. Geti hili limeandikwa Mdoe, lile limeandikwa Kilua, nimewaandika wote. Nitajieni geti moja lenye jina la Hoza. Bibi yako alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu, lakini amekufa. Mimi niko hai. Kwani walio hai hawaandikwi?"

Kilichomuumiza Kidawa ni kwamba aliona aibu kumchukia mtu aliyembebea bibi yake jeneza.

Mashine ikanguruma zaidi. Mhando alichukua kipande cha boksi, akaanza kuipepea. Alipepea kidogo, halafu akasema bila kumtazama mtu, "Na mimi nina jina."

Watu wakageuka. Mjomba? Mhando ambaye hajawahi kushika pedi? Mhando anayemwita nguchiro "yule paka"?

"Mjomba, wewe hata sheria za gemu huzijui," alisema Hoza.

"Sizijui. Sitaki kuzijua. Lakini siku ya maji, nyumbani kwangu palikuwa na vitu viwili vya kuokoa, na kila kimoja kilihitaji mikono miwili. Mashine hii. Na sanduku la bati la marehemu Somoe, mke wangu. Ndani yake mlikuwa na picha zake zote. Tatu. Hatukuwa watu wa kupiga picha."

Akaendelea kupepea.

"Nilikuwa nimeshashika sanduku," alisema Mhando. "Nikawasikia. Mko juu ya ukuta wa shule, wanaume wazima na ndevu zenu, mnalia 'Mjomba, nguchiro! Mjomba, nguchiro!' Nikasema, basi nipeleke hii kwanza ninyamazishe hawa wapumbavu, nitarudia sanduku. Nilipogeuka hapakuwa na mlango wa kurudia. Mkanishangilia. Mnakumbuka mlivyonishangilia?"

Tulikumbuka. Mimi nilikuwa wa tatu kutoka kushoto juu ya ule ukuta, na niliimba.

"Kwa hiyo stoo..." alisema Kidawa.

"Mashine haikuingia hata tone. Nilikuwa siwezi kuiona. Nikawadanganya mwaka mzima, nanyi mkakosa raha yenu, nisameheni. Lakini uso wa Somoe unaanza kunipotea. Mwanya wake nakumbuka, sauti nakumbuka, macho yananipotea. Himaya yenu ipo kwa sababu picha zake hazipo. Naomba liandikwe Somoe, hapo panapowaka, nikifungua kibanda asubuhi niwe naliona. Nimewakalisha hapa miaka yote hii. Ni kitu kimoja tu naomba."

Hoza akavua kofia yake. Kidawa akajifunika uso na ncha ya mtandio akalia, analia kwa ajili ya Somoe aliyemjua, aliyekuwa akimpa maji ya kunywa pale mlangoni. Na katikati ya machozi yale yale, naapa, alikuwa bado anataka liandikwe Mwanjaa. Alijiona mbaya, lakini bado alitaka.

Basi ikaamuliwa mabenchi yaamue. Ehe! Mabenchi yetu, yenye hekima ya kukaa. Benchi la mbele likasema Hoza, maana asiyekuwepo na lake halipo, na Mjomba hajui kucheza. Benchi la kati likasema Kidawa, maana katiba ni katiba, kifudifudi ni kifudifudi, hakuna mahali imesemwa ni kwa dakika ngapi. Benchi la nyuma likasema Mhando, na likasema kwa sauti kubwa sana, kwa sababu ndilo lililopiga kelele zaidi siku ya mafuriko. Kwa hiyo tukabaki pale pale, ila sasa tumegombana.

Msomi mmoja wa benchi la kati akapendekeza majina yachanganywe, kila mtu atoe kipande, likapatikana Mwasoho. Likasikika kama dawa ya minyoo. Kidawa akasema bibi yake si Mwa. Mhando akasema mke wake si So. Mwingine akasema basi iandikwe Manundu, iwe ya mtaa mzima, na hilo wakalikataa wote watatu kwa pamoja, ndilo jambo pekee walilokubaliana jioni nzima. Mwingine akasema wapige karata. Mhando akamtazama, yule mtu akaenda kununua mihogo, hakurudi.

Taa ya mashine ikabadilika, ikawa ya rangi ya chungwa. Mhando akapepea kwa nguvu, jasho linamtoka, anaipepea ile ile iliyomgharimu.

Hoza akazifuta H na O. Akasimama. Akamwekea Kidawa pedi mkononi.

"Shika dada. Siwezi kuandika langu huku nawasikia mnalia, na siwezi kuandika la mwingine, roho yangu inakataa. Wewe ndiye uliyesema utarudi. Andika. Utakaloandika silifuti wala sinuni. Ila uandike ukinitazama usoni, na Mjomba naye umtazame. Usiandike umeinama."

Kidawa akakaa kwenye stuli. Pedi ilikuwa na joto la mikono ya Hoza, na imelika mahali ambapo vidole vyake yeye havikufika. Kisanduku kitupu, nafasi nane. Akamtazama Hoza, macho mekundu ya moto wa kuchomelea, hakuyakwepesha. Akamtazama Mhando anayepepea. Kidole gumba chake kikawa juu ya kitufe.

Hapo ndipo naishia mimi. Msinitolee macho! Najua mlitaka niwaambie aliandika nini, mrudi nyumbani mkalale mkimlaumu yeye. Miaka tisa tulingoja tupewe himaya tukaitawale. Ilipofika, swali la kwanza tu limetushinda. Wala msiniletee ujanja wa kwamba ni gemu, ni nguchiro tu na kofia zao. Nendeni mkamwambie Mhando hivyo.

Himaya iko kwenye kioo na mashine inaungua. Yuko aliyeianzisha, akaiacha na neno la narudi, akaogopa kujibu alipoulizwa. Yuko aliyeilea kuliko wote, akawanyima wengine zamu, akamwamkia kila asubuhi bibi asiye wake. Yuko aliyeiokoa bila kuipenda, akawaficha wenzake ukweli, akapoteza uso wa mkewe. Kisanduku kinapokea jina moja. Chagueni, na kabla hamjatamka, mtazameni usoni yule mnayemnyima. Je, nani alistahili kuandikwa?